Bahasha Isiyokuwemo Sandukuni

Mnada wa korosho huandikwa magazetini kwa mistari mitatu: bei ya juu ilikuwa shilingi ngapi, bei ya chini shilingi ngapi, na tani ngapi zimeuzwa. Ni sawa na kumsimulia mtu tamthilia kwa kumtajia kiingilio. Ukikaa mnadani wenyewe, Newala juu ya uwanda wa Makonde au Masasi kule chini kwenye vilima vya mawe, unaona kwamba mistari hiyo imeacha nje karibu kila kitu. Haisemi nani alijua nini, nani alimhofia nani, nani alinyamaza, na nani aliulizwa mwishoni swali linalojibiwa kwa neno moja.

Makala haya yanauhakiki mnada huo kama tungo. Sisemi hivyo kwa mzaha. Mnada una matini yake, una wahusika, una kilele, una hadhira inayoitikia. Zaidi ya yote, una maamuzi, na maamuzi hayo ndiyo yanayoamua kama mtoto wa Kitangari au wa Lulindi ataripoti shule Januari akiwa na daftari na sare. Hukumu yangu naitanguliza. Umbo la mnada huu ni bora kuliko wanavyodai wanaoubeza, lakini lina pengo moja kubwa. Kila anayeshiriki ameandikiwa maneno ya kusema, isipokuwa mwenye mali.

Tuanze na matini. Korosho ya Kusini huokotwa, haichumwi. Bibo likiiva huanguka. Mkulima, mara nyingi mama na wanawe, huokota, hunyofoa korosho, huianika juani siku mbili tatu, huichambua, huitia guniani. Inapelekwa chama cha msingi, AMCOS kama kila mtu anavyoita, inapimwa, inapangwa daraja la kwanza au la pili, na mwenyewe anaondoka na karatasi. Kutoka hapo inakwenda ghala kuu. Mfumo huu, stakabadhi ghalani, umetokana na sheria ya mwaka 2005, na kwa korosho ulianza mkoani Mtwara msimu wa 2007/08. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali imepata daftari, na hilo si jambo dogo kwa watu ambao baba zao walipimiwa kwa bakuli la mnunuzi.

Chama kikuu, TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, hutoa katalogi ya mauzo: ghala gani, tani ngapi, daraja gani. Kwa miaka mingi wanunuzi walisoma katalogi hiyo, wakaandika bei na tani wanazotaka, wakatia bahasha sandukuni. Siku ya mnada sanduku lilifunguliwa mbele ya wakulima na bahasha zikasomwa kwa sauti, moja baada ya nyingine. Aliyeandika bei kubwa alipewa tani zake kwanza, akafuata wa pili, mpaka mzigo ukaisha. Kila mmoja alilipa bei aliyoiandika mwenyewe, ndiyo maana kukawa na bei ya juu na bei ya chini katika mnada mmoja. Kisha wakulima wakaulizwa: mmekubali au mmekataa? Tangu msimu wa 2024/25 sanduku limeachia nafasi skrini. Hilo nitalifikia.

Sasa tazama jinsi habari zilivyogawanywa katika tungo hii. Mkulima ameweka wazi kila alichonacho: kiasi, daraja, mahali kilipo. Mnunuzi hajaweka wazi chochote hadi dakika ya kusomwa bahasha. Na bahasha zikishasomwa, hakuna nafasi ya kujibizana. Ni mazungumzo ambayo upande mmoja umesema yote mapema na upande mwingine umesema mara moja, kwa mkupuo.

Ili uzito wa jambo hili uonekane, naazima mchezo wa mbali kidogo, ambao nao moyo wake ni mnada: briji. Anayejua karata zetu, kopa na uru na shupaza na pau, na anayejua turufu inavyokata, hatapotea. Wanacheza wanne, wawili dhidi ya wawili, wenza wakikaa uso kwa uso. Karata ni 52, kila mtu 13. Kabla ya karata ya kwanza kutupwa kuna kunadi: upande huu unaahidi kushinda mizunguko kadhaa kati ya 13, kwa turufu fulani, upande ule unapanda juu yake au unapita. Aliyeahidi zaidi hupewa mchezo, na akishindwa kutimiza ahadi hulipa kwa pointi. Utaratibu wa alama unaotumika hadi leo uliwekwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, na tangu hapo vitabu vingi vimeandikwa juu ya swali moja: pande zote mbili zikitaka mchezo, uamuzi mzuri wa kunadi ni upi?

Majibu ya vitabu hivyo, ukiyakamua, yanabaki matatu.

La kwanza, kila tamko ni habari, hata kupita. Mwenzako anasikia, na mpinzani anasikia. Aliyepita amesema jambo juu ya mkono wake sawasawa na aliyenadi. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

La pili, anayenadi vizuri haulizi tu mkononi mwake mna nini. Anauliza wale wana nini, na wakiachiwa mchezo kwa bei hiyo itamgharimu kiasi gani. Katika kunadi kwa ushindani, bei ya kuacha ina uzito sawa na bei ya kuchukua.

La tatu, kikomo huamuliwa kabla ya joto kupanda. Mfaransa Jean-René Vernes alieleza mwaka 1969 kanuni ambayo wachezaji wameifanya karibu amri: hesabuni turufu zenu wawili kwa pamoja, zikiwa 8, ahidini mizunguko 8, zikiwa 9, ahidini 9, kisha nyamazeni. Uzuri wa kanuni hii uko kwenye neno la mwisho. Mchezaji dhaifu hupanda ngazi moja moja, akisukumwa na mpinzani, mpaka anajikuta mahali asipotaka kuwa. Mchezaji hodari hufika kikomo chake mara moja na kutulia hapo.

Turudi ghalani tukiwa na mambo hayo matatu, na tuanze na mnunuzi, kwa sababu watu wengi wanamdhania ni mtu anayeandika namba kwa tamaa tu. Kazi yake ni ngumu. Anachonunua ni kiini kilichofichwa ndani ya ganda. Anapasua korosho chache za sampuli, anakadiria gunia la kilo 80 litatoa ratili ngapi za kiini, anaangalia unyevu, anahesabu kilo moja ina korosho ngapi. Halafu anakisia mambo yasiyo mkononi mwake: bei itakayokuwepo Vietnam au Kollam, India, mzigo utakapofika, nauli ya meli, shilingi itakavyosimama dhidi ya dola. Sehemu kubwa ya korosho yetu husafirishwa ikiwa ghafi, kwa hiyo thamani yake ya mwisho inaamuliwa kwenye viwanda vya watu wengine.

Sasa wanunuzi kumi wakisia thamani ya mzigo mmoja. Wengine watakisia chini, wengine juu, na wastani wao huenda ukawa karibu na ukweli. Lakini nani atashinda? Aliyekisia juu kuliko wote, yaani yule mwenye uwezekano mkubwa wa kuwa amekosea. Wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, walieleza mtego huu mwaka 1971 baada ya kutazama zabuni za visima vya Ghuba ya Meksiko, na tangu hapo unaitwa laana ya mshindi. Mnunuzi mwenye busara anaijua laana hiyo, kwa hiyo anaandika pungufu ya kile anachoamini. Na kwa kuwa kila mtu hulipa bei yake mwenyewe, ana sababu ya pili ya kupunguza: kwa nini aandike 2,900 kama 2,700 ingetosha kumpa tani anazotaka? Mnunuzi hodari hakimbilii bei ya juu. Anatafuta kuwa wa mwisho kati ya walioshinda.

Ndiyo maana nasema bei ya juu inayoandikwa magazetini ni mstari dhaifu katika tungo hii, ingawa ndio unaopigiwa makofi. Bei ya juu inaweza kuwa ya tani chache tu, imeandikwa na mtu mwenye meli inayosubiri bandarini. Bei ya chini iliyoshinda ndiyo inayosema soko linafikiri nini. Mhakiki anayesoma bei ya juu peke yake ni kama msomaji wa riwaya anayesoma jalada la nyuma.

Hapa ndipo pengo linapoonekana. Bei zote zikiwa chini, mkulima anayesikiliza hana njia ya kujua kwa nini. Inawezekana wanunuzi wamekula njama wakakubaliana wasigongane. Inawezekana pia kila mmoja, peke yake na kwa haki kabisa, ameona soko la dunia limeshuka na anaihofia laana ya mshindi. Njama na busara, zikishatiwa kwenye bahasha, zinafanana kama mapacha. Zote mbili husomeka kama namba ndogo.

Briji iliona hatari hii zamani na ikaweka sheria mbili. Ya kwanza inakataza wenza kupeana ishara za siri. Mwaka 1965, kwenye mashindano ya dunia huko Buenos Aires, Waingereza wawili maarufu, Terence Reese na Boris Schapiro, walituhumiwa kuonyeshana idadi ya kopa kwa namna ya kushika karata kwa vidole, na ubishi juu ya tuhuma hiyo haujaisha hadi leo. Sheria ya pili haijulikani sana nje ya mchezo, lakini mimi naiona bora zaidi: mpinzani ana haki ya kuuliza tamko lenu lina maana gani, nanyi mna wajibu wa kumweleza mlivyokubaliana. Siri ya karata inalindwa. Siri ya lugha hairuhusiwi. Mnadani kwetu ni kinyume chake: karata za mkulima ziko wazi kwenye katalogi, na lugha ya wanunuzi ndiyo siri.

Mfano mkubwa wa pengo hili ni Oktoba 2018. Msimu uliotangulia, 2017/18, ulikuwa wa neema: zaidi ya tani 300,000 nchi nzima, na bei iliyopita shilingi 4,000 kwa kilo katika baadhi ya minada. Watu wa Newala na Masasi waliezeka nyumba kwa bati, wakanunua pikipiki, wakaongeza mashamba. Mwaka uliofuata bahasha zikafunguliwa na namba zikawa chini ya 3,000. Bei ya dunia ilikuwa imeshuka kweli kutoka kilele cha 2017. Lakini mkulima aliyekaa kwenye mkeka hakuwa na karatasi ya dunia mkononi. Alikuwa na kumbukumbu ya mwaka jana, na alikuwa na neno moja aliloandikiwa. Akalitumia: hatuuzi.

Kama mhakiki, naliona neno lile kuwa kilele cha tungo nzima tangu ilipoanza. Kwa mara ya kwanza hadhira ilikuwa mhusika. Lakini lilikuwa tamko lisilo na namba. "Hatuuzi" haikusema tungeuza kwa ngapi, wala tutasubiri hadi lini, wala kusubiri kutatugharimu nini. Tamko lisilo na namba huacha nafasi wazi, na nafasi wazi hujazwa na mwenye nguvu. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kusomba. Wengi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Namba ile ilikuwa kubwa kuliko zote zilizosomwa. Ila mnada wenyewe ulikuwa umefutwa. Mwandishi mwingine alikuwa ameingia jukwaani na kumalizia tamthilia kwa kalamu yake.

Kilichofuata kina kejeli ambayo lugha yetu peke yake inaweza kuibeba. Kabla ya kulipwa, mkulima mwenye zaidi ya kilo 1,500 alipaswa kufanyiwa uhakiki. Neno hilihili ninalolitumia kwa kazi yangu ya kusoma tungo lilikuwa sasa kikosi kinachofika shambani kuhesabu mikorosho, kutazama kama kweli mtu huyu anaweza kuvuna alichosema amevuna. Nia yake ilikuwa kuwanasa wenye kangomba, wale wanaonunua korosho mitaani kwa bei ya kutupa, mara nyingi kabla ya msimu, wakati mkulima hana chakula ndani. Uhakiki ulikuwa na sababu. Lakini tazama nani alihakikiwa: muuzaji, ambaye tangu mwanzo alikuwa ameweka karata zake mezani. Wapo waliolipwa baada ya miezi mingi. Na minada iliporudi msimu uliofuata, bei zilirudi pia chini ya 3,000.

Kangomba yenyewe inastahili aya yake, kwa sababu ndiyo mnada wa kweli wa maskini. Mwenye kangomba hanadi Oktoba. Ananadi Juni au Julai, wakati mikorosho inahitaji salfa ya kupambana na ubwiriunga na nyumba inahitaji unga. Hana washindani, kwa kuwa saa hiyo hakuna mwingine anayetoa fedha. Kwa lugha ya briji, amenadi wakati wengine wote wamepita. Tunamlaani, na sheria inamkataza, lakini kama mnadi ameelewa kanuni ya pili kuliko wengi wetu: amepiga hesabu ya gharama ya mwenzake kusubiri. Mkutano wowote wa wakulima usiopiga hesabu hiyo hiyo kwa upande wake utaendelea kumwachia mchezo.

Kusubiri kuna bei, na bei hiyo inapanda kila wiki. Korosho yetu inavunwa Oktoba hadi Januari, wakati Afrika Magharibi na India bado hazijavuna. Hiyo ndiyo turufu yetu. Viwanda vya Asia vinataka mali na sisi ndio tunayo. Lakini turufu hii ina muda. Mvua za Desemba zikiingia, ubora unashuka. Januari shule zinafunguliwa. Kuanzia Februari mzigo wa Afrika Magharibi unaanza kuingia sokoni. Kwa hiyo "hatuuzi" ya mnada wa kwanza na "hatuuzi" ya mnada wa sita si neno moja. La kwanza linasemwa na mtu mwenye turufu mkononi. La sita linaweza kuwa la mtu ambaye turufu yake imekwishatupwa.

Nilipokuwa naandika haya, kuna mtu aliniuliza kwa nini nalipa uzito hivyo neno la kukataa, wakati wakulima wengi wanachotaka ni fedha benki. Jibu liko Masasi, kwenye historia ya mji wenyewe. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, mtu yule yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili, aliongoza kutoka pwani msafara wa watumwa waliokombolewa. Nia ilikuwa kuwarudisha kuelekea Ziwa Nyasa. Wakaishia Masasi, wakajenga, wakalima. Steere huyohuyo ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, Unguja, juu ya uwanja wa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Katika mnada ule mtu alisimamishwa, akatazamwa meno, akatajiwa bei, na hakuna aliyemuuliza kama amekubali. Tofauti kati ya bidhaa na mwenye bidhaa ni haki ya kukataa. Sitaki kuivuta historia hii ifanye kazi isiyo yake, na korosho si binadamu. Nasema tu kwamba katika mji ulioanzishwa na watu wa namna ile, swali "mmekubali au mmekataa?" si utaratibu wa kiofisi. Ndiyo sehemu ya mnada inayostahili kulindwa kuliko zote.

Sasa tufike kwenye skrini. Kuanzia msimu wa 2024/25 korosho inanadiwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi anaweza kunadi akiwa mbali, na wakulima wanaona matokeo yakiwekwa hadharani. Minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, wakati msimu uliotangulia bei zilikuwa zikizunguka 2,000. Sifa zote zikaenda kwa skrini.

Mhakiki lazima awe mgumu hapa. Mwaka 2024 mavuno ya Côte d'Ivoire, mzalishaji mkubwa kuliko wote, yalikuwa duni, na viwanda vya Vietnam vikahangaika kupata mali. Bei ya dunia ilipanda. Sanduku la mbao lingesoma namba kubwa mwaka ule pia. Anayeisifu skrini kwa bei ya 2024 atalazimika kuilaumu siku bei ya dunia itakaposhuka, na lawama hiyo itakuwa ya uonevu kama sifa ilivyokuwa ya upendeleo.

Sifa ya skrini iko kwingine, na briji inatusaidia kuitaja. Mwaka 1975, baada ya tuhuma za ishara za siri kuzidi, mashindano ya dunia yaliweka kiambaza katikati ya meza ili mtu asimwone mwenza wake. Udanganyifu haukuisha, mwaka huohuo Waitaliano wawili walituhumiwa kugusana miguu chini ya meza. Lakini njia moja ya kudanganya ilizibwa. Skrini ya TMX inafanya kazi ya aina hiyo. Inaongeza idadi ya wanaoweza kunadi, inawatenganisha, inapunguza mikono inayogusa bahasha. Hilo ni zuri na linastahili kubaki. Lakini kiambaza hakimpi mtu karata. Mkulima wa Newala anayeitazama skrini leo ana neno lilelile alilokuwa nalo mbele ya sanduku.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Iwepo bahasha moja zaidi. Kabla ya mnada, wakulima wa vyama vya msingi vinavyouza siku hiyo wakubaliane bei ya ukomo, bei ambayo chini yake hawauzi, iandikwe, ifungwe, iwekwe pamoja na bei za wanunuzi. Isifunguliwe mpaka zao zote zimesomwa. Bei zilizo juu yake zimeshinda bila mjadala. Zilizo chini yake zimeshindwa bila ugomvi.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza itasema tulikuwa na bei dira, bei ya mwongozo iliyotangazwa kabla ya msimu, na haikutuokoa. Kweli. Lakini bei dira ilitangazwa. Ukimtajia mnunuzi mapema bei ya chini unayoikubali, umemwandikia bahasha yake. Na kwa kuwa iliwekwa mara moja kwa msimu mzima, ilibaki palepale wakati soko limeondoka. Liwale, mwezi Aprili 2013, nyumba zilichomwa kwa sababu malipo ya pili yalikuja pungufu ya yaliyotarajiwa. Namba iliyoahidiwa hadharani na isiyofuata soko ni hatari kuliko kutokuwa na namba. Bei ya ukomo ninayoisema ni ya siri, ni ya mnada mmoja, na inaweza kushuka wiki ijayo kama turufu yetu imepungua.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: wakulima wataijuaje namba ya kuandika? Wataandika 5,000 kwa sababu wanaitaka, na mali itaozea ghalani. Hapa ndipo sheria ile ya pili ya briji inapohitajika, haki ya kuuliza. Bei ya korosho bandarini Vietnam na India si siri ya nchi. Nauli inajulikana. Ushuru wa halmashauri, gharama za ghala, usafirishaji, makato ya ushirika, yote yana namba. Bodi ya Korosho iko Mtwara, na ina wataalamu wa kuandika ukurasa mmoja kila wiki: bei ya dunia hii, toa hiki, toa kile, kinachobaki kwa kilo ya daraja la kwanza ni hiki. Ukurasa huo ubandikwe ukutani AMCOS na usomwe kwa sauti. Watu wanaoweza kukadiria kwa macho mkorosho utatoa debe ngapi hawatashindwa na hesabu ya kutoa.

Kuandika namba kabla ya mnada kutafanya jambo jingine ambalo bei yenyewe haiwezi kulifanya. Kutawalazimisha wakulima kujadiliana wao kwa wao siku ambayo hakuna mnunuzi wala kiongozi aliyesimama mbele yao. Mama mwenye kilo 90 na karo ya Januari ana kikomo chake. Mzee mwenye ekari ishirini na watoto walio kazini Dar es Salaam ana kikomo kingine. Leo wawili hao wanatoa jibu moja kwa kelele, na mwenye sauti kubwa ndiye anayesikika. Kikao cha kuandika namba kitamlazimu mzee kumsikiliza mama, na kumlazimu mama kusikia kwamba kusubiri wiki mbili kunaweza kumlipa. Huko kujadiliana ndiko kunadi kwa wenza, ambako vitabu vyote vya briji vinasema ndiko mchezo unakoshindwa au kupotezwa.

Hakuna sheria mpya kubwa inayohitajika ili kulijaribu jambo hili. Vyama viwili vitatu vya msingi, mnada mmoja, ukurasa mmoja wa hesabu ukutani. Wakulima waandike namba yao, waifunge, waende mnadani wakiwa wametulia. Bahasha zikisomwa na zote zikiwa chini, watasema hatuuzi kama walivyosema 2018. Tofauti ni kwamba safari hii, anayetaka kujua wangeuza kwa ngapi hatahitaji kukisia kwa niaba yao. Ataambiwa afungue bahasha ya mwisho.